Weka hiyo impakti chini: bolti za chuma cha tela zinaanzwa kwa vidole

Mkuu simama hapohapo. Hiyo impakti uliyoazima, hiyo spana ya mashine inayokaza kwa kugonga, irudishe kwa mwenyewe, na kama unaona aibu kuirudisha leo basi ifungie kwenye buti funguo umpe mtu. Nimesoma ulichoandika mpaka mwisho, kwamba SUV yako ndogo iko juu ya stendi, chuma cha kuvutia tela kimefika, upande wa kulia bolti zimeingia ila kushoto "zimegoma kidogo" lakini impakti itazimaliza, na sasa unauliza ekzosi ishushwe au ibaki, nyaya za taa za tela ziungwe wapi, gololi ya kushikia tela iwe ya saizi gani, na kama kazi inaisha kabla ya mchana. Maswali ya maana yote. Ila hiyo "zimegoma kidogo" imenifanya niache sahani mezani nije kuandika.

Kwenye hizi gari ndogo mara nyingi chuma kinashikwa na nati ambazo kiwanda kilishazichomelea ndani ya chasisi tangu gari inaundwa. Ukilala chini unaona tundu tu, nati yenyewe iko ndani ya boksi la bati, upande wa pili, mahali mkono wako haufiki. Na nyingi hazijawahi kuona bolti tangu zitoke kiwandani. Zimekaa miaka zinarushiwa matope na tairi za nyuma, nyingine vizibo vyake vya mpira vilishadondoka zamani, nyingine ile dawa nyeusi ya kuzuia kutu imeingia mpaka kwenye meno ikakaukia humo. Sasa wewe unaleta bolti mpya inayong'aa, inashika mzunguko mmoja, mmoja na nusu, inakaza. Mtu mwenye akili zake hapo anaitoa anaangalia kuna nini. Mimi nilichukua impakti.

Na sikuichukua kwa ujinga wangu peke yangu, naomba ieleweke, nilishauriwa. Kuna jamaa wa video, shati safi, gari safi, sakafu inang'aa kuliko vyombo vyangu vya kulia, anasema nati za kiwandani ni ngumu we piga tu kutu itajisafisha yenyewe. Itajisafisha! Gari aliyokuwa anafunga ukiiangalia vizuri chini hata vumbi haina, kutu ataijulia wapi huyo. Halafu yule aliyeniuzia chuma, huyu ndiye bado ananichoma, maana nilimpigia simu nikamuuliza kabisa kwamba bolti moja inakaza mapema nifanyeje, akanijibu bila hata kufikiri, "bosi kila mtu anatumia impakti". Kila mtu nani? Nilikuja kujua baadaye kwamba yeye kazi yake ni kuuza tu, hajawahi kulala chini ya gari akafunga hata kimoja. Kwenye karatasi ya maelekezo ilikuwa imeandikwa wazi, safisha meno ya nati kwanza, anza bolti zote kwa mkono. Karatasi ninayo mpaka leo, ina alama ya mgongo wangu, niliitandika nisichafue shati.

Sasa ngoja nikwambie kinachotokea ili usije ukadhani nakutisha.

Impakti ikikaza bolti iliyokaa sawa inazunguka kwa ulaini halafu mwishoni inagonga. Hii ya kwangu ilianza kugonga tangu mwanzo kabisa, bolti inaingia lakini ukiitazama vizuri kichwa chake hakijalala sawa na chuma, kimeinuka upande mmoja, kidogo tu, unene wa ukucha. Halafu kwenye kola yangu likaanza kudondoka vumbi la chuma, laini, linang'aa kwenye tochi. Nikajisemea si ndio kutu inajisafisha hiyo. Kutu haing'ai mkuu, kutu ni kahawia. Yale yalikuwa meno ya nati yananidondokea shingoni na mimi nimefurahi.

Ikafika kama nusu ikagoma kabisa, haiendi mbele. Nikageuza swichi niirudishe nyuma. Ikalia tak, mara moja, na kuanzia hapo bolti ikawa inazunguka laini kama feni, kushoto inazunguka, kulia inazunguka, haitoki na haiingii. Nati ilikuwa imeng'oka pale ilipochomelewa na sasa inazunguka pamoja na bolti mle ndani ya chasisi ambamo hakuna spana ya dunia hii itakayoingia kuishika. Nikakaa chini nikacheka. Sio kwamba ilikuwa inachekesha, ni vile nilikuwa peke yangu na ilibidi nifanye kitu.

Piga picha hali yenyewe. Chuma kina uzito wa karibu kilo ishirini, kimefungwa upande mmoja, upande wa pili kimening'inia kwenye bolti inayozunguka. Kukitoa hakitoki kwa sababu ya hiyo bolti moja, kukifunga hakifungiki kwa sababu ya hiyohiyo. Ekzosi iko chini imefungwa kwa kamba. Gari haiendi kwa fundi, inabidi fundi aje kwa gari, na fundi anayefuata gari nyumbani kuja kurekebisha upuuzi wa mtu anajua fika kwamba huna pa kukimbilia.

Kichwa cha bolti kikakatwa kwa grainda. Juu kidogo ya hapo kuna tenki la mafuta, pembeni kuna bampa la plastiki, na hiyo dawa nyeusi ya chini ya gari yenyewe inashika moto. Nilikuwa nimeshika kizima moto kwa mikono miwili kama mlinzi wa benki, sitaki hata kukumbuka. Kona ya bampa iliyeyuka, bado iko hivyo, watu wakiuliza nasema niliinunua hivyo. Halafu ili kuifikia ile nati ikabidi bati la chasisi likatwe kipande, nati mpya ichomelewe, kipande kirudishwe kichomelewe, kisagwe, kipakwe rangi nje na ndani, maana chasisi iliyochomwa usipoipaka ndani inaoza kuanzia huko usikokuona. Na betri lazima ichomolewe kabla ya mtu kuchomelea chochote kwenye gari, hilo nalo nilikuwa silijui, aliniuliza fundi. Jumla yake ilikula hela kuliko chuma chenyewe.

Kilichoniua zaidi ni fundi mwingine aliyekuja kuona baadaye, akainama na tochi, akanionyesha tundu pana kwenye chasisi hiyohiyo, mbele kidogo tu ya pale. Akasema nati ikishang'oka na kichwa cha bolti kikatolewa, mara nyingi unaweza kupitisha bolti nyingine kwenye tundu kama hilo, imechomelewa kwenye kibati ili isizunguke, unaivuta kwa waya mpaka itokeze mahali pake, unafunga nati kwa nje. Chasisi haikatwi. Mimi namsikiliza huku naangalia dirisha ambalo limeshakatwa na kuzibwa.

Kwahiyo sheria ni moja: bolti inaingia kwa vidole mpaka karibu na mwisho. Sio kwa spana ndogo, sio kwa boksi spana "taratibu", kwa vidole viwili vitupu. Isipoingia kwa vidole haiingii kwa kitu kingine chochote mpaka ujue imegoma kwa nini.

Na kujua kwa nini ni rahisi, ndio maana inaniuma. Shusha hicho chuma chote chini kwanza. Chukua bolti ya kushoto uijaribu peke yake kwenye tundu, bila chuma, bila ile pete ya bati ya chini ya kichwa (washa). Ikiingia yenyewe vizuri basi nati ni nzima, shida ni chuma hakijakaa sawa, uzito wake unaivuta bolti inalala upande. Hapo unatafuta jeki ya pili au mtu wa kukibeba, unakisogeza mpaka matundu yatazamane, na unaanza bolti zote, zote nasema, mizunguko kadhaa kwa mkono kabla ya kukaza hata moja. Wewe umesema kulia zimeingia, umezikaza? Kama umezikaza basi labda ndio kinachokusumbua, ukikaza upande mmoja chuma kinahama na matundu ya upande wa pili yanapishana.

Ikikataa hata ikiwa peke yake, ni uchafu au meno yameumia. Puliza dawa ya kulegeza kutu mle ndani uache mpaka kesho. Ndio, kesho, nimeona umeandika kabla ya mchana, sahau mchana. Kesho yake chukua brashi ndogo ya waya ya duara, ile ya kusafishia mabomba membamba, izungushe kwenye tundu, ifute, irudie mpaka ukiifuta kitambaa kibaki kisafi. Halafu tafuta bolti nyingine ya saizi ileile na meno yaleyale, sio hizo za chuma chako, uikate mifereji miwili mitatu kwa urefu kwenye meno kwa grainda au msumeno wa chuma, kingo uzipige tupa. Hiyo ndiyo ya kusafishia. Ipake mafuta, iingize kwa mkono, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ikianza kukaza itoe ufute uchafu uliokaa kwenye mifereji, uirudishe. Ni kazi ya kuchosha na mafuta yanakudondokea jichoni kwahiyo vaa miwani. Tapu ya kweli, ile ya kuchongea meno ya nati, iache kama hujawahi kuitumia, tapu inakata chuma, ukiiingiza imelala inakuchongea njia mpya na unakuwa umerudi kulekule kwangu kwa gharama ndogo.

Kitu kingine, meno. Bolti ya M12, yaani ya unene wa milimita 12, unaweza kuikuta ya hatua (umbali wa jino hadi jino) ya milimita 1.25, au 1.5, au 1.75, na kwa macho zote ni ndugu. Nyingi za gari ni za meno madogo, za dukani nyingi ni za meno makubwa. Ukipoteza moja usichukue nyingine kwenye kopo la bolti za zamani. Lalisha bolti mbili ubavu kwa ubavu meno yaingiliane, uziinue kwenye mwanga. Ukiona upenyo unaanza kufunguka kadiri unavyoelekea kwenye ncha, hizo sio sawa. Nimeona watu wanaua nati nzima kabisa kwa bolti isiyo yake halafu wanailaumu kutu.

Kukaza mwisho ni spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm, na namba ni ya kwenye karatasi yako, sio ya rafiki yako. M10 ya daraja 8.8 (daraja ni ugumu wa bolti, limeandikwa kichwani) inataka kama 50 Nm hivi, M12 ya 10.9 inavuka 100, uone hapo tofauti yake, wakati impakti nyingi za betri zinavuka 300 bila wewe kujua umefika wapi. Mafuta uliyotumia kusafishia yafute kabla ya kukaza, meno yaliyolowa yanafanya torki isome uongo, bolti inavutwa kuliko namba inavyosema. Na baada ya kutembea na tela kidogo rudi chini ukague tena.

Ekzosi, ndio, ishushe, mara nyingi ni zile mpira za kuning'inizia tu, zipulizie maji ya sabuni zinateleza, ila ifunge na kamba isining'inie kwa uzito wake ikapinda bomba la mbele. Nyaya, usitoboe waya wa taa ya nyuma na vile vibano vya plastiki vinavyouma waya, gari nyingi za siku hizi taa zinaendeshwa na kompyuta na haipendi kubebeshwa taa za tela. Nunua moduli yenye umeme wake kutoka betri na fyuzi yake. Hilo lina mambo yake marefu, wapo wanaolijua kuliko mimi watakuja.

Turudi kushoto. Hujasema bolti iligoma baada ya mizunguko mingapi wala kama ulikuwa umeshika chuma kwa mkono mwingine. Na hujasema kama ulishajaribu impakti "kidogo tu", maana najua watu, na mimi ni mtu. Itoe hiyo bolti kwa mkono, ifute kwa kitambaa cheupe, angalia kitambaa. Ukiona uchafu wa kahawia au mweusi, puliza dawa ukalale. Ukiona kinachong'aa usiguse tena, piga picha ya ncha ya bolti na ya tundu ukiwa umemulika tochi kwa pembeni, uziweke hapa.