Maswali ya Wasomaji: Kituo cha Safari ya Usambara

Swali: Ndugu Mhariri, tunataka kutembea kwa miguu siku kadhaa katika milima ya Usambara. Je, tufikie Mombo au Lushoto? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Fikieni Lushoto. Mombo iko bondeni kwenye joto, na kutoka hapo barabara hupanda kwa kona nyingi, takriban kilomita 33, hadi mji huo wenye nyumba za wageni na waongozaji wenyeji. Mwongozaji msimwache, kwa sababu njia za kuelekea Mtae, kijiji kilicho ukingoni mwa milima hiyo, hupita katikati ya mashamba ya watu na kugawanyika kila mara bila kibao chochote. Asubuhi ya kwanza nendeni Irente, mahali pa kutazamia mandhari karibu na Lushoto, mnyooshe miguu mkitazama nyika iliyo chini ya genge. Mwezi wa Julai chukueni masweta mazito. Baridi ya usiku huko ni kali kweli.