Boksi lina alama ya Matter, mbona balbu haiungi?

Wiki hii msomaji mmoja wa Lindi ameniandikia: "Kaka, balbu zina alama ya Matter, simu inazisoma halafu inakataa. Nimeuziwa feki?" Matter ni lugha ya pamoja ya vifaa vya nyumbani vinavyoendeshwa kwa simu. Nikamwomba picha ya boksi. Si feki. Chini ya ile alama ya Matter, mishale mitatu inayoelekea katikati, kwa maandishi madogo, kuna neno Thread. Yeye ana ruta ya Wi-Fi na simu, basi.

Swali hili naulizwa mno, na nina haki ya kulisemea. Mimi nafunga vifaa hivi hapa Mtwara, Shangani mpaka Mikindani. Mwezi uliopita nimekabidhi nyumba ya wageni ambayo vitasa na taa zote mwenye nyumba anaziendesha kwa simu yake. Ni mama mtu mzima, na tangu nimkabidhi hajanipigia kuomba msaada. Hilo najivunia kuliko malipo yenyewe.

Matter ilitoka Oktoba 2022, chini ya Connectivity Standards Alliance, ambao zamani waliitwa Zigbee Alliance. Apple, Google, Amazon na Samsung wote wamo. Shika hili: Matter ni lugha, haikuambii ujumbe unapita njia gani. Njia ni Wi-Fi, waya wa Ethernet, au Thread. Bluetooth ni ya kuunganishia mara ya kwanza tu. Thread ina redio yake inayokula umeme kidogo, ndiyo maana unaikuta kwenye vitasa na sensa za betri, lakini lazima nyumbani kuwe na kifaa cha kuivusha kwenda kwenye mtandao wako, mfano HomePod mini (spika ya Apple) au Nest Hub ya kizazi cha pili (skrini ya Google). Usipokuwa nacho, nunua Matter ya Wi-Fi.

Kuna mteja mmoja, simtaji. Nilimwandikia orodha ya vitu vya kununua. Akaiweka pembeni, akaagiza kwa mdogo wake aliyeko Marekani soketi na vitasa vya Z-Wave, redio ya aina nyingine kabisa, akaniletea nifunge. Soketi za volti 120, na umeme wetu ni 230! Z-Wave ya Marekani iko kwenye megahezi 908, na hab aliyokuwa nayo, yaani kifaa kinachoongoza vingine, ni ya Ulaya, megahezi 868. Haviwezi kusikilizana hata ukivibananisha kwenye meza moja. Nikakataa kufunga. Akaandika kwenye grupu la mtaa kwamba mimi ni fundi wa kubahatisha. Watu ninaosali nao walisoma yale. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma, kwa sababu nilikataa ili nyumba yake isiungue.

Ndugu zangu, tuache kununua kwa kuangalia picha. Soma boksi. Uliza muuzaji inatumia redio gani, na kama hajui, nenda duka jingine. Hata ya Wi-Fi, hakikisha ruta yako inarusha gigahezi 2.4, maana balbu nyingi hazisomi 5. Mwenye balbu za zamani za Zigbee, nayo ni redio nyingine ya vifaa hivi, asizitupe: hab ya Philips Hue, kwa mfano, ilipata Matter mwaka 2023, na balbu zake za zamani zikaingia humo humo. Kamera zimeingizwa kwenye toleo la 1.5 la Matter, Novemba 2025, kwa hiyo usitarajie kamera uliyonayo iwe na Matter.

Na mnakumbuka Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikazorota nchi nzima? Kifaa kinachotegemea seva ya ng'ambo, siku kama ile hakisikii simu yako hata ukiwa umekaa chini yake. Matter inaamrishwa humo humo ndani, simu na kifaa vikiwa kwenye mtandao mmoja, bando liwepo lisiwepo. Kwa sisi wa kusini hiyo peke yake inatosha kuichagua. Soma boksi, narudia.

Jambo jingine ni ule msimbo wa QR wa kuunganishia kifaa cha Matter, na tarakimu zake 11. Kwenye vitasa vingi umebandikwa upande unaogusana na mlango. Upige picha kabla fundi hajakaza skrubu, uihifadhi na jina la chumba, maana siku ukilazimika kukiunganisha kitasa upya utaulizwa huo msimbo, na kufungua kitasa upya ni kazi ya kulipia.