Maswali na majibu: umbali kati ya lenzi na sensa

Napiga picha za nyota kwa darubini. Nyota za katikati ya picha zangu ni vitone safi, lakini za pembeni zimevutika. Nimerekebisha fokasi mpaka nimechoka. Shida iko wapi?

Achana na fokasi kwanza. Unapoirekebisha, lenzi ya kusahihisha (ile inayokaa kati ya darubini na kamera ili kunyoosha nyota za pembeni) na kamera husogea pamoja, kwa hiyo nafasi kati yake haibadiliki hata kidogo, na hiyo ndiyo inayokusumbua. Lenzi nyingi za aina hii hutaka milimita 55 kutoka bega lake la nyuma (pale skrubu inapoanzia) hadi kwenye sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, ingawa si zote. Fuata maelezo ya lenzi yako. Kisha kuza picha uzitazame pembe zote nne. Kwa kawaida, nyota zikivutika kuelekea katikati, sensa iko karibu mno. Zikivutika kwa kuizunguka katikati, iko mbali mno. Badilisha nusu milimita, piga tena, linganisha. Ikiharibika pembe moja tu, usiguse nafasi: kamera imekaa upande.

Hizo 55 nazipimaje?

Anzia kwenye kamera. Kamera nyingi za kupozwa (za nyota, zenye kipozeo cha sensa), sensa yake imezama milimita 17.5 kutoka uso wa mbele, nyingine 6.5. Ikiwa yako ni 17.5, zinabaki 37.5, na pete ya kujaza nafasi ya 21 ukiiunganisha na ya 16.5 umefika. Lakini tafadhali, skrubu inayozama ndani ya pete nyingine haihesabiwi! Pima mwili wa pete peke yake, kwa kalipa (kipimo cha unene), wala usiamini namba iliyoandikwa ubavuni.

Nikiweka filta?

Kioo husogeza fokasi nyuma kwa takriban theluthi ya unene wake. Filta ya milimita 2 inadai uongeze kama 0.7.

Natumia DSLR (kamera ya kawaida ya kubadilisha lenzi) ya Canon yenye mlango wa EF, yaani aina ya sehemu ya kufungia lenzi.

Mwili una 44 kutoka mlangoni hadi kwenye sensa, ringi ya T (pete ya kuunganishia kamera na darubini) ina 11. Tayari.

Je, lenzi ya kawaida ya EF kwenye kamera ya kupozwa nayo ni 55?

Hapana, ni 44. Ukizidisha, utazungusha lenzi mpaka mwisho na nyota zitabaki na ukungu. Ukipunguza kidogo, fokasi itapatikana kabla ya alama ya ∞ (umbali usio na mwisho), na picha inapigika. Hata hivyo usipunguze ovyo, hasa kwa lenzi pana: pembe zake huharibika mapema.