Kwa nini "be" inageuka "am", "is" na "was"

Mzazi mwenzangu, umesema mwanao wa darasa la sita haoni "be", "am", "is" na "was" vya Kiingereza vinahusianaje. Ana haki kabisa, kwani asili zake ni tofauti. Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1100, kilikuwa na vitenzi viwili vyenye maana ya "kuwa", beon na wesan, baadaye vikaungana kuwa kimoja. "Am" na "is" ni ndugu wa est ("ni") ya Kilatini. "Was" imetoka kwenye mzizi wenye maana ya kukaa, kubaki. Ninayoipenda zaidi ni "be": mzizi wake ulimaanisha kuota, kukua, kama mche unavyochomoza ardhini.

Wangu nilimwandikia daftarini: Juma ni mgonjwa, Juma yupo nyumbani, Juma alikuwa shuleni. Akaona "ni", "yupo" na "alikuwa" navyo havifanani, na hajawahi kuvikosea. Tangu hapo tukaacha kukariri jedwali la vitenzi, akawa anatunga sentensi tatu kila jioni.

Asili imsaidie kukumbuka tu, asiitumie kutafsiri. Na kama anachanganya herufi hata akisoma Kiswahili, usimchape. Zungumza mapema na mwalimu wake, apimwe macho na uwezo wa kusoma.