Tovuti ya kampuni ya tenda: mwandikie afisa anayekukagua

Wadogo zangu mnaoanza kutengeneza tovuti za wakandarasi na wauzaji wa bidhaa hapa Nairobi, jueni kwanza tovuti hizo husomwa lini. Hakuna tenda ya serikali inayotolewa kwa sababu ya tovuti nzuri. Kamati ya tathmini hufuata masharti yaliyomo kwenye hati ya zabuni: stakabadhi za lazima, kisha ufundi, halafu bei. Zamu ya tovuti huja baadaye, kampuni ikishaonekana inaelekea kushinda. Kifungu cha 83 cha sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 kinairuhusu kamati kuhakikisha, kabla ya tenda kutolewa, kwamba mwombaji ana sifa alizojiandikia, hata kwa kuwauliza waliowahi kumpa kazi. Hapo ndipo afisa hutoa simu na kulitafuta jina la kampuni.

Basi msomaji wako ana faili mkononi, na kazi yake ni kulinganisha. Jina la kampuni liandikwe vilevile lilivyo kwenye CR12, hati ya msajili wa kampuni inayotaja wakurugenzi na wanahisa, herufi kwa herufi. Kama cheti kinasema "Enterprises" na tovuti inasema "Enterprise", umempa swali ambalo hakuwa nalo. Anwani ndiyo huumiza zaidi. Mteja wangu mmoja alihamisha ofisi kutoka katikati ya jiji hadi Industrial Area, akabadilisha karatasi zote, tovuti ikabaki na jengo la zamani. Wakaguzi walipanda ngazi za jengo lile wakakuta duka la simu. Alipigiwa, akaeleza, wakaja, lakini siku nzima ilipotea katika muda wa tathmini ambao kisheria hauzidi siku 30. Tangu hapo naandika anwani mahali pamoja tu kwenye tovuti, sehemu nyingine zote zichote hapo.

Ukurasa wa kazi zilizofanyika ndio wa kutolea jasho. Wateja wengi watakuletea sentensi kama "tunatoa huduma bora kwa gharama nafuu". Ikatae kwa adabu, kwa sababu afisa hana pa kuihakiki. Keti na mwenye kampuni, mwombe afungue kabati la mafaili, kisha muandike kila kazi kwa mtindo huu: kisima cha mita 180, shule ya msingi, Kaunti ya Machakos, mwenye kazi ni serikali ya kaunti, ilianza Machi 2022, ikakabidhiwa Julai, tulichimba, tukaweka pampu ya jua na tangi la lita 10,000. Mtu akisoma hivyo anaweza kupiga simu kaunti na kuuliza. Thamani ya kazi itajwe pale tu ambapo mwenye kampuni ameridhia, na iwe ileile iliyo kwenye LPO (hati rasmi ya kuagiza bidhaa au huduma) au mkataba.

Picha nazo ziwe za kazi hiyohiyo. Nimeona tovuti ya kontrakta wa barabara za mashambani yenye picha ya wazungu wamevaa kofia za manjano mbele ya ghorofa za vioo. Picha ya simu inayoonyesha bango la mradi, matope na wafanyakazi wake ina nguvu kuliko hiyo. Ila usiipandishe ikiwa na uzito wa megabaiti nne. Ipunguze hadi kilobaiti 200 hivi, maana huenda anayeifungua yuko ndani ya gari anaelekea kukagua, na mtandao unakatika.

Vyeti vinahitaji busara. Mkandarasi aseme amesajiliwa na NCA, mamlaka ya taifa ya ujenzi, katika daraja gani, kati ya 1 na 8, na kwa kazi zipi, kisha aweke kiungo cha kwenda kwenye tovuti ya NCA ambako mtu anaweza kujihakikishia. Kampuni ya vijana, wanawake au watu wenye ulemavu iliyosajiliwa AGPO, mpango wa serikali wa kuyapa makundi hayo nafasi ya tenda, iseme hivyo ukurasa wa kwanza, kwa kuwa kuna asilimia 30 ya ununuzi iliyotengewa makundi hayo, na afisa anayetafuta wa kumwalika kutoa bei atataka kuliona hilo mapema. Lakini msipandishe wasifu mzima wa kampuni uliotolewa kwenye zabuni, wenye nakala za vitambulisho vya wakurugenzi, PIN za kodi za KRA na vyeti vya mafundi. Huko ni kuwagawia matapeli, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawalinda hao mafundi pia.

Kuna jambo nawasihi kabisa: msiweke nembo ya taifa kwenye tovuti ya mteja, hata akisisitiza kwamba yeye hufanya kazi na wizara. Matumizi yake yanabanwa na sheria, na kampuni binafsi haina haki ya kujivika sura ya ofisi ya serikali.

Kikoa cha .co.ke, yaani jina la tovuti mtandaoni, kisajiliwe kwa jina la kampuni na baruapepe ya kampuni, wala si yako. Siku mkikosana, au ukihama, mwenye mali abaki na mali yake. Tarehe ya kulipia upya kila mwaka mwachie kwa maandishi. Baruapepe nayo itokane na kikoa hicho.

Mwisho kabisa piga namba iliyo kwenye tovuti, saa nne asubuhi siku ya kazi, bila kumwarifu mwenye kampuni. Akipokea mtu asiyejua kampuni inafanya nini, au isipopokewa, usikabidhi kazi hiyo bado. Mketishe mteja mkubaliane nani atashika simu hiyo, na mwandikieni mtu huyo karatasi yenye kazi zote zilizotajwa kwenye tovuti, mwaka wake na mwenye kazi, aiweke mezani.