Mabaka meupe na jua la Dodoma: nawajibu

Mbukwenyi wapendwa. Tangu mvua zikate, meseji za vitiligo (wazee wanaita mbalanga) zimekuwa nyingi, leo najibu nne manake hata mimi ninayo, mikononi na pembeni ya mdomo, siongei kwa kusimuliwa.

Dada, mimi ni bodaboda hapa mjini, mikono ina mabaka. Losheni ya jua nichukue namba 30 au 50?

Kaka yangu, namba isikuumize kichwa. SPF ndo hiyo namba ya kinga ya jua, 30 inazuia kama asilimia 97 ya mionzi inayounguza, 50 kama 98, basi. Ukiiweza bei ya 50 chukua, manake wengi tunapaka kiduchu kuliko inavyotakiwa. Cha kuangalia kwenye kopo ni kama inazuia UVA na UVB, zile aina mbili za mionzi ya jua, zote mbili. Ila wewe mikono iko kwenye usukani kutwa nzima, jasho, vumbi, unajifuta na kitambaa, losheni ishatoka zamani na wewe unajua bado ipo. Ningekuwa wewe ningeanza na shati zito la mikono mirefu na glavu, losheni ni ya pale panapobaki wazi, unapaka robo saa kabla ya kutoka halafu unarudia kila baada ya masaa mawili. Na usiiache kwenye boksi la pikipiki juani, joto linaiharibu.

Shikamoo dada. Mama anasema sisi weusi jua halituunguzi, ni kweli?

Marahaba mdogo wangu. Ngozi nyeusi inajikinga kwa kiasi chake kwa sababu ya ile rangi, melanini, sasa kwenye baka seli zinazoitengeneza hazipo tena, hapo hata uwe mweusi tii huna kinga. Mwaka juzi mwezi wa nane nilitoka Mvumi kuja mjini, kwenye kosta nimekaa dirishani, kiwiko nimekitoa nje, ule upepo wa baridi si mnaujua, sikusikia joto hata kidogo. Usiku baka likawa jekundu kama nyanya, shuka likigusa tu machozi yananitoka, na ngozi nyeusi ya pembeni yake haina hata habari! Huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, juu huku mionzi inakuwa mikali zaidi, na kiangazi mawingu hamna. Halafu ngozi ikiungua, pale pale panaweza kutokea baka jipya, hilo ndo linaniogopesha kuliko maumivu.

Mwanangu ana miaka 7, ana baka kuzunguka jicho. Losheni inamwacha mweupe kama chokaa, shuleni wanamcheka. Nimpake mafuta ya nazi?

Hapana mama, mafuta ya nazi yanalainisha ngozi, jua hayazuii. Huo weupe mara nyingi ni wa zinki, na losheni za zinki ndo huwa haziwashi sana ngozi za watoto, kwa hiyo usiitupe, ulizia duka la dawa ile iliyotiwa rangi ya kahawia. Pima mistari miwili kwenye vidole vyake yeye mwenyewe, cha shahada na cha kati, hiyo ni ya uso na shingo, paka kidogo kidogo mpaka iingie, karibu na jicho taratibu isimchome. Kisha nenda kaongee na mwalimu wake, mwombe mtoto aruhusiwe kofia pana, na awaambie watoto darasani kwamba hii kitu haiambukizi, wacheze naye, wamshike mkono. Nakuomba sana usiliache hilo.

Nikipaka kila siku mabaka yataisha?

Hayataisha, losheni haitibu. Inachosaidia ni kuzuia ngozi ya pembeni isizidi kuwa nyeusi, manake ikikolea baka ndo linaonekana zaidi, kwa hiyo paka pote, sio kwenye baka peke yake. Tiba ni kwa daktari wa ngozi, kuna dawa za kupaka na kuna tiba ya mwanga inayopimwa hospitali, usijianike juani ukidhani ni kitu kimoja. Na mkorogo wa kufananisha rangi achana nao kabisa, ukiwa umeshaanza kuutumia mwambie daktari ukweli siku hiyo hiyo.