Mshono ulivyokula kanga za bibi

Juzi usiku msomaji mmoja wa Wete kaniandikia. Kakata doti mbili za kanga ashone shuka la viraka, mchoro wa Kimarekani kaufuata mstari kwa mstari, na vipande havikutani. "Dada, nimekosea wapi?" Niliposoma, moyo ulinishuka. Kosa hilo nalijua vizuri.

Bibi yangu alipofariki niliachiwa kanga zake sita. Harusi ya binti yangu ilikuwa karibu, nikaona nimshonee shuka la kitandani, aende na harufu ya bibi yake. Mchoro ulitaka safu za viraka 16, kila kiraka kikishashonwa kibaki inchi 3. Nami nikakata inchi 3 kamili, vyote, usiku mmoja. Sikukumbuka kwamba mshono unachukua robo inchi kila upande, kwa hiyo kiraka cha inchi 3 hukatwa inchi 3 na nusu. Safu ya kwanza ilipotoka cherehanini nikaipima: badala ya inchi 48 nikapata 40. Inchi nane nzima zimeliwa.

Kilichoniuma zaidi ni jina la kanga. Moja iliandikwa "Wema hauozi", nami nilitaka jina likae katikati ya shuka. Nikakata nikifuata ukingo wa herufi. Mshono ukapita juu yake, vichwa vya herufi vyote vikaingia ndani. Kanga ile haipo dukani tena; nilizunguka Darajani nzima. Na siku ya harusi jamaa yangu mmoja akauliza mbele za watu, "Hili la mtoto mchanga?" Nimemsamehe, lakini sijasahau.

Mwezi uliopita nimemaliza shuka la pili, kona zote zimekutana, na nasema kwa fahari kwamba sikubadilisha cherehani wala mkasi. Nilibadilisha namna ya kuanza. Kwanza nasoma mchoro wote na kutenga namba za kukatia na namba za baada ya kushona. Halafu nakata viraka vinne tu kwenye kitambaa kibovu, navishona, napima. Vikitoka sawa ndipo naigusa kanga.

Kanga mpya ifue kwanza, itoe wanga na isinyae kabisa, ama shuka litajikunja baada ya kufuliwa. Pindo usilifanye rula, kwani chapa mara nyingi imekwenda upande. Fuata uzi wa kitambaa. Na usikunje mara nne ukate kwa mkasi mmoja, tabaka la chini huteleza. Kosa la milimita 3 kwa kila kiraka ni karibu sentimita 5 kwenye safu ya 16.

Jamani, tuache haraka. Tunakata usiku, tumechoka, watoto wanalia, kisha tunasema mchoro mbovu. Pima kwanza. Narudia, pima kwanza, na umpime hata yule aliyekupimia.

Wewe wa Wete, usitupe kitu. Kama vyote umevikata inchi 3 sawasawa, vishone kwa robo ile ile, vitatoka inchi 2 na nusu. Shuka zima lipunguze, lifuate kiraka cha inchi 2 na nusu. Langu la inchi 40 sasa analalia mjukuu wangu. Nitumie picha kabla hujashika mkasi tena.